Familia ya watu saba Iringa: pa kwenda kwanza, pa kulala baadaye

Wasafiri walikuwa saba kutoka Tabata, Dar es Salaam: baba na mama, binti wa miaka 14, mvulana wa miaka 9, kitindamimba wa miaka 4, shangazi yao ambaye ni dada wa baba, na bibi mzaa mama, mwenye miaka sabini na kitu, ambaye goti lake halipandi ngazi bila kushika ukuta. Gari lilikuwa Noah ya nyumbani. Safari ilipangwa Juni, shule zikiwa zimefungwa: kuingia Alhamisi, kuondoka Jumatatu alfajiri, yaani siku tatu kamili za kutembea. Fungu la malazi lilikuwa shilingi 200,000 kwa usiku kwa wote saba, na halikuwa la kunyoosha.

Mama wa familia aliponipigia simu, swali lake la kwanza lilikuwa lile linaloulizwa na karibu kila mtu: "Kaka, hoteli gani nzuri huko Iringa?" Nikamwomba tuliweke kando mpaka mwisho. Kwa mji kama Iringa, hoteli ndiyo ya kuchaguliwa mwisho. Ukianza nayo, unaweza kulipia kitanda kizuri upande ambao huna unachokwenda kukiona, ukawa kila asubuhi unaanza kwa kuuvuka mji. Andika kwanza vitu mnavyotaka kuviona, viweke kwenye barabara zake, halafu tafuta pa kulala panapozihudumia barabara hizo. Naandika kisa hiki kirefu kwa sababu hapa katikati ndipo familia nyingi hupotezea siku zao, na ni siku ambazo wamezidunduliza kwa mwaka mzima.

Orodha ya baba

Baba alikuwa na orodha tayari. Siku ya kwanza Hifadhi ya Ruaha, ya pili vituo vya kale vya Isimila na Kalenga, ya tatu Mbeya kuona Kimondo cha Mbozi na Ziwa Ngozi, jioni kurudi Iringa kulala. Ni orodha ya mtu anayeipenda nchi yake, ila inataka wiki mbili. Kutoka Iringa mpaka Mbeya mjini ni zaidi ya kilomita 300, na Kimondo kiko mbele ya Mbeya, mkoani Songwe. Kwenda na kurudi ni siku nzima ndani ya gari. Ngozi nayo ni ya kupanda msituni kwa miguu. Mbeya ikatoka bila ubishi.

Ruaha ndiyo iliyobishaniwa. Mvulana alikuwa ameahidiwa simba. Msembe, makao makuu ya hifadhi, yako kama kilomita 130 kutoka mjini, na ukishafika ndipo safari yenyewe inaanza, maana wanyama wanatafutwa. Kwa siku moja utatoka mjini alfajiri na kurudi usiku, na Noah si gari la njia za ndani ya hifadhi. Utakodi gari la juu. Ukijumlisha kiingilio, gari, mafuta na dereva, siku hiyo moja ilikuwa inakula karibu fedha yote ya matembezi. Juu ya hayo, bibi angekaa kwenye gari linalorukaruka kwa saa nyingi, na mtoto wa miaka minne hivyo hivyo. Kiingilio cha mtoto wa chini ya miaka 5 hakilipwi kwenye hifadhi za taifa, lakini uchovu wake unalipwa na wote.

Nilimwambia baba jambo ambalo nadhani wengi wanaotoka Dar wanalisahau: wanyama wako njiani. Barabara kuu baada ya Morogoro inakatisha katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50. Asubuhi mtaona swala na nyani bila shaka, mara nyingi twiga, na tembo wakikubali. Hamlipi kiingilio mkipita tu, ila mwendo ni wa vibao, hamshuki garini, na atakayemgonga mnyama atalipishwa. Simba wa mvulana hakuahidiwa tena. Aliambiwa ukweli, akanuna siku mbili, kisha akaanza kuuliza Mkwawa alikuwa nani.

Kuna mmoja ambaye hakuwa ameulizwa kitu. Nilipoomba kuongea na bibi, nikampa shikamoo yake, nikamuuliza yeye angependa kuona nini. Akasema angefurahi akisali tena Tosamaganga. Alisoma pale kwa masista akiwa msichana, akaolewa Pwani, hakurudi. Mwanawe alikuwa pembeni anasikia. "Mama, mbona hukusema?" Bibi akamjibu kwamba yeye alijua safari ni ya watoto.

Tosamaganga ikaingia kwenye orodha, tena ikawekewa Jumapili, na sehemu kubwa ya mpango mwingine ikajipanga kuizunguka.

Barabara nne

Iringa mjini imekaa juu ya mgongo wa kilima, kiasi cha mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Barabara kuu ya Dar hadi Mbeya haiingii mjini. Inapita chini, Ipogolo, jirani na Mto Ruaha Mdogo, na mji unaupandia kutoka hapo. Ukiwa juu mjini, vitu vya kale vimetawanyika kwenye barabara nne.

Upande wa Dar kuna Lugalo, kama kilomita 30. Upande wa Mbeya kuna njia ya kuchepukia Tosamaganga, kisha Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini. Upande wa magharibi, barabara ya kwenda hifadhini, kuna Kalenga, kama kilomita 15, na mbele zaidi Mlambalasi, umbali wa kama mara tatu ya huo. Upande wa Dodoma, karibu kabisa na mji, kuna michoro ya miambani ya Igeleke. Mjini kwenyewe kuna Boma, soko kuu na mitaa ya zamani inayolizunguka, na Jiwe la Gangilonga.

Mtu akiichora hivi kwenye karatasi anaona mwenyewe kwamba hakuna hoteli ya nje ya mji itakayomfaa. Ukilala upande wa Mbeya, Kalenga inakuwa mbali. Ukilala njia ya hifadhini, Isimila inakuwa mbali. Mjini katikati, hakuna kitu kinachozidi mwendo wa nusu saa na kidogo isipokuwa Mlambalasi.

Hadithi ina mpangilio wake

Hapa nina msimamo, na niliushikilia mbele ya baba: vituo vya Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, vitembelewe kwa mfuatano wa miaka. Mtoto akianza na fuvu la Mkwawa lililoko Kalenga kabla hajajua vita ya Lugalo, ataona mfupa kwenye kioo. Akianza Lugalo, akifika Kalenga anajua anamtazama nani.

Bahati nzuri, anayetoka Dar anaipita Lugalo kabla ya kufika mjini, kwa hiyo barabara yenyewe inakupa mwanzo. Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, kilivamiwa pale na majeshi ya Wahehe. Walikufa Wajerumani kumi pamoja na askari weusi zaidi ya 200, na Zelewski mwenyewe akiwamo. Inasimuliwa kwamba aliyemchoma mkuki alikuwa kijana wa miaka kama 16, akazawadiwa ng'ombe watatu. Niliwaambia wazazi wasiache kumsimulia binti yao habari hiyo, kwa sababu inamhusu mtu wa karibu na umri wake.

Walifika Lugalo Alhamisi saa tisa alasiri. Kusimama kwenyewe ni dakika ishirini: mnara wa kumbukumbu kando ya barabara, nyasi, malori yanapita. Binti akauzunguka mnara ule wa Wajerumani, akamuuliza baba yake, "Mbona walioshindwa ndio waliojengewa?" Baba hakuwa na jibu la haraka. Mama akaniambia baadaye kwamba kuanzia hapo mpaka Ipogolo gari zima lilikuwa linabishana, na kwamba simu ya binti ilikuwa mfukoni.

Kalenga ni 1894. Baada ya aibu ya Lugalo, Wajerumani walirudi wamejiandaa, na tarehe 30 Oktoba wakaivunja ngome ya Mkwawa kwa mizinga. Mkwawa akaponyoka, akapigana vita ya porini kwa karibu miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa, alijiua kwa risasi, na kichwa chake kikakatwa. Kaburi la mwili wake liko Mlambalasi. Kisha hadithi inarudi Kalenga: Mkataba wa Versailles wa 1919, kwenye kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza, lakini fuvu halikuonekana mpaka miaka ya hamsini, pale Gavana Edward Twining alipolitafuta kwenye jumba la makumbusho la Bremen. Lilikabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, na aliyelipokea ni mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Kwa hiyo mtu makini angekwenda Lugalo, Kalenga, Mlambalasi, Kalenga tena. Haiwezekani kwa siku tatu na goti bovu. Tulikubaliana Kalenga iendewe mara moja, Ijumaa asubuhi, na Mlambalasi Jumamosi kwa watakaoweza.

Sasa hoteli

Baada ya hayo yote ndipo tulipofungua mlango wa malazi, na tayari tulijua tunatafuta nini: mjini au mtaa wa Gangilonga, vyumba vya chini, maji ya moto ya uhakika, maegesho ndani ya geti, kelele hakuna.

Baba alikuwa amepata hoteli moja kwenye intaneti, mpya, pembezoni mwa mji, picha zinang'aa. Bei ilikuwa ndani ya fungu. Nilipiga simu mapokezi.

"Vyumba vitatu vya kuanzia Alhamisi vipo. Viko ghorofa ya ngapi?"

"Viko ghorofa ya pili, lakini ngazi zetu ni pana, hazichoshi."

"Lifti?"

"Lifti bado."

"Na Jumamosi ukumbini kuna nini?"

Akanyamaza kidogo, akasema kuna send-ofu, lakini muziki huisha saa sita.

Maswali matatu tu, na hoteli nzuri ya picha ikawa haiwafai watu hawa. Hakuna aliyedanganya. Kwa vijana wanne waliokuja kupumzika mwisho wa wiki ingekuwa sawa kabisa. Swali la ukumbi nalisisitiza kwa sababu hoteli nyingi za miji yetu zinaishi kwa sherehe kuliko kwa wageni wa kulala, na ngoma za Ijumaa na Jumamosi hazimo kwenye picha.

Tulitazama pia gesti za Ipogolo. Ni za bei ya chini na gari unaliona kutoka dirishani, lakini malori ya Zambia na Kongo yanabadilisha gia kwenye ule mlima usiku kucha. Kwa anayepita kulala aendelee na safari, panatosha. Kulala mara nne na bibi, hapana.

Mama alivutiwa na Kisolanza, shamba la zamani njia ya kwenda Mafinga, ambalo lina nyumba za kulala na eneo la kambi. Ni mahali pazuri, kuna nafasi ya watoto kukimbia na hewa ya shamba. Lakini liko kama kilomita 50 kutoka Iringa, na kila siku ya Kalenga ingeanza kwa kilomita hizo na kuishia nazo. Ningempeleka huko mtu anayeelekea Mbeya, akalala usiku mmoja, akaona Isimila njiani. Familia hii haikuwa inaelekea Mbeya.

Hosteli za makanisa zilibaki kwenye meza mpaka dakika ya mwisho. Mjini ziko, ni safi, baa hakuna, na bei yake inaeleweka. Tuliyoipenda ilikuwa na vyumba viwili tu vilivyo wazi kwa tarehe hizo, kwa sababu kulikuwa na semina. Juni ni mwezi wa semina, jambo ambalo mtu wa Dar halifikirii.

Iliyochukuliwa ni loji ya wastani Gangilonga, nyumba ya zamani iliyoongezwa vyumba nyuma, yote chini, mlango hadi bustani ngazi mbili. Vyumba vitatu: wazazi na mdogo, shangazi na binti, bibi na mvulana. Sipendi kuitaja jina, maana loji hubadilisha msimamizi na mwaka unaofuata ni nyumba nyingine. Yafaa zaidi kujua yaliyoulizwa kwenye simu kabla ya kutuma kianzio.

La kwanza lilikuwa chai ya asubuhi. Bei ya chumba kwa kawaida ina chai ya watu wawili. Mtoto wa tatu analipiwa, au anaachwa anywe ya mama yake, na mzozo huo unatokea asubuhi ya kwanza mbele ya wageni wengine. Tuliuliza mapema: mdogo bure. La pili, maji ya moto. Iringa ya Juni mpaka Agosti ina baridi ya kweli kwa mtu wa Pwani. Hita ya umeme iliyo juu ya bomba ni nzuri mpaka umeme ukatike, kwa hiyo swali ni: umeme ukikatika mnawachemshia wageni maji? Walisema wanaleta ndoo. Ni jibu zuri, na ndivyo ilivyokuwa usiku wa Jumamosi. La tatu, blanketi: moja kwa kitanda au mawili? La nne, choo cha kukaa kwa ajili ya bibi, na kama kuna cha kushikilia bafuni. Cha kushikilia hakikuwapo, wakaweka kiti cha plastiki. La tano, video ya chumba kile kile watakachopewa, iliyopigwa siku hiyo, kutoka mlangoni hadi bafuni. Atakayekataa kupiga video ya dakika moja ana sababu zake.

Jumla ikawa shilingi 180,000 kwa usiku, chai ikiwamo. Kianzio kilikwenda kwa simu, risiti ikarudi kwa simu.

Siku zilivyokwenda

Ijumaa asubuhi, Kalenga. Nilimshauri mama awaeleze watoto usiku wake, wakiwa wamekaa kitandani, kwamba kesho wataona fuvu la mtu, la nani, na kwa nini limewekwa pale. Mvulana alitaka kujua kama lina meno. Mdogo wa miaka minne hakuingizwa. Shangazi alibaki naye nje, kwenye makaburi ya Sapi na Adam Sapi Mkwawa. Nadhani huo ni uamuzi wa kila mzazi, lakini ufanyike kabla ya mlango.

Bibi alipoingia, akamsalimu mhudumu wa makumbusho kwa Kihehe: "Kamwene." Mhudumu akaitika, akamuuliza kwao ni wapi, na maelezo ambayo kwa kawaida ni mafupi yakawa marefu sana, nusu Kiswahili nusu Kihehe, bibi akiwatafsiria wajukuu. Niliwahi kusikia watu wakilalamika kwamba vituo vyetu vya kale havina vitu vingi vya kutazama. Ni kweli kwamba jengo la Kalenga ni dogo. Utajiri wake uko kwa anayesimulia, na msimuliaji hunogewa akiulizwa. Mwendeni na mzee wenu, au mwendeni na maswali.

Mambo mawili ya malipo: beba kitambulisho cha taifa, kwa sababu kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni, na weka salio kwenye simu, maana malipo ya serikali huenda kwa kontroli namba na noti yako ya elfu kumi inaweza isisaidie.

Mchana walikula mjini, kisha Boma. Ni jengo la Wajerumani, lililojengwa kama hospitali mwanzoni mwa karne ya 20, likawa ofisi za serikali kwa miaka mingi, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Kwa familia yenye mzee hapa ndipo mahali rahisi kuliko pote: kuna kivuli, kuna pa kukaa, na vitu vya ndani vya matumizi ya nyumbani bibi alivijua kimoja kimoja. Mvulana alichoka baada ya nusu saa. Wakamalizia sokoni, shangazi akanunua vikapu vya milulu, ambavyo Iringa ndiko kwake, na bibi akasimamia bei.

Jumamosi waligawanyika, na nasema wazi kwamba kugawanyika ndiko kulikoiokoa safari. Familia nyingi huona vibaya. Wanataka wote wawe pamoja kila saa, matokeo yake mwendo unakuwa wa aliyechoka kuliko wote na manung'uniko yanakuwa ya wote. Baba, binti na mvulana walikwenda Mlambalasi na kijana mwenyeji anayeijua njia, wakibeba chakula na maji. Pale kuna kaburi, na juu yake mwamba wenye pango ambamo watafiti wa mambo ya kale wamechimba na kukuta mabaki ya watu wa Zama za Mawe. Waliondoka saa mbili, wakarudi saa tisa na nusu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Binti alisema Mlambalasi ndiko kulikomgusa, kwa sababu hakuna kioo, kuna mawe na upepo tu, na unaelewa mtu alikuwa amekimbilia wapi.

Walioachwa mjini walikuwa na asubuhi ya taratibu. Walikwenda Neema Crafts, mradi wa kanisa la Anglikana ulioanza 2003, ambamo watu wenye ulemavu wanafanya kazi za mikono, na mgahawani wahudumu ni viziwi. Unaagiza kwa kuandika au kwa ishara. Mdogo wa miaka minne alijifunza ishara ya "asante" na akaitumia mpaka Jumatatu kwa kila mtu, akiwamo trafiki wa Ruaha Mbuyuni.

Jioni wote isipokuwa bibi walipanda Jiwe la Gangilonga, mwendo wa miguu kutoka loji. Mji wote unauona chini yako. Kwenda kwa kundi na kushuka kabla ya giza ndiyo desturi. Hapo ndipo faida ya kulala Gangilonga ilipoonekana: bibi alibaki kwenye bustani na chai yake, hakuna gari lililohitajika, hakuna aliyemsubiri mwenzake.

Jumapili ilikuwa ya bibi. Misheni ya Tosamaganga ilianzishwa na Wabenedikto wa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikashikwa na Wakonsolata kutoka Italia. Walifika kabla ya misa. Kanisa lile kubwa, na nyumba zake za matofali mekundu kati ya miti, watoto hawakutegemea kulikuta kijijini. Bibi alikaa benchi ya tatu kutoka mbele, upande uliokuwa wa wanawake zamani, akaimba nyimbo zote bila kitabu. Baada ya misa akawaonyesha wajukuu bweni, kisima na njia ya kwenda shambani. Nilikuwa nimetenga saa moja na nusu. Zikawa tatu, na baba, ambaye ndiye mwenye saa mkononi, hakuitazama.

Kwa hiyo Isimila ilianza saa nane, jua likiwa bado kali kwenye korongo. Ningependa iwe asubuhi au saa kumi. Lakini hata hivyo Isimila haina mpinzani kwa mtoto wa miaka tisa. Mwaka 1951 mwanafunzi aliyekuwa anapita kutoka Afrika Kusini aliokota pale zana za mawe, na mwaka 1957 na 1958 Clark Howell na wenzake wakachimba. Mashoka ya mkononi ya Zama za Mawe za Kale yametapakaa pale yalipokutwa, kwa wingi ambao mtoto hahitaji kuelezwa. Utasikia umri wa miaka 60,000 na utasikia 260,000. Huo wa pili ulitokana na kipimo cha urani kwenye mifupa kilichochapishwa 1972, na ndio ninaowapa wageni. Ilikutwa pia mifupa ya kiboko wa aina iliyotoweka, mwenye macho yaliyochomoza juu ya kichwa ili aone akiwa amezama. Mvulana aliyekosa simba alikaa kwa kiboko huyo muda mrefu.

Chini, kwenye bonde la nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, kuna kushuka na kupanda. Bibi na shangazi walibaki juu karibu na jengo la makumbusho. Mdogo alibebwa mgongoni na baba njia yote ya kurudi.

Kilichoachwa

Igeleke iliachwa. Ilikuwa ya Jumapili jioni, na kufikia saa kumi na moja hakuna aliyekuwa na miguu. Michoro ile iko karibu na mji, na nilijaribiwa kuwaambia waiwahi Jumatatu asubuhi. Sikufanya hivyo. Jumatatu ni kilomita 500 za kurudi, na mlima wa Kitonga unataka ushukwe kabla malori hayajajipanga. Waliondoka saa kumi na moja alfajiri, wakanunua vitunguu na nyanya Ilula, wakafika Tabata jioni.

Wiki iliyofuata baba alinipigia. Anataka Desemba arudi na mvulana kwa ajili ya Ruaha, safari hii wakalale Tungamalenga mara mbili, mpakani mwa hifadhi, ili siku ya wanyama ianze na jua. Nimemwambia Desemba mvua zinakuwa zimeanza, majani marefu, wanyama hawakusanyiki mtoni kama kiangazi. Bora wasubiri Juni nyingine au likizo ya Septemba kama shule ya mtoto inayo. Bibi naye ametuma ujumbe kupitia bintiye: wakija huko, yeye washushwe Tosamaganga. Amekwisha pata namba ya mtu aliyesoma naye.